Usanifu wa data wa chama kikuu, nusu ya taarifa za kuanzia hazipo. Nianze kuchora au nisubiri?

Mchora_Mifumo (Mtwara mjini)

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu maana hii ni wiki ya pili nazunguka na kitu kimoja na sijapata pa kushika.

Nimepewa kazi na chama kikuu kimoja cha ushirika huku kusini, sitakitaja, ya kuchora usanifu wa data wa chama kizima, yaani mchoro wa data gani zipo, ziko wapi na zinapita wapi. Yaani kuanzia mkulima anapoleta mzigo wa korosho AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), unapimwa, unaenda ghala kuu, unaingia kwenye katalogi ya mnada, unauzwa, mpaka hela inaingia kwenye akaunti yake na makato yanaonekana. Chini yake kuna AMCOS 30 na kitu na kila moja ina namna yake, nyingine leja ya karatasi tu, nyingine Excel, ghala wana mfumo wao, uhasibu wana programu ya zamani, orodha ya pembejeo iko kwenye laptopu ya mtu mmoja, alafu orodha ya malipo ya kupeleka benki inatengenezwa upya kila mnada kwa kukopi na kupesti.

Natumia TOGAF, ule mwongozo wa kuchora usanifu wa taasisi awamu kwa awamu, kwa sababu ndo niliyosomea. Niko Awamu C, ile ya mifumo ya taarifa, upande wa data. Ukiisoma inakupa orodha ya vitu unavyotakiwa kuwa navyo mkononi kabla hujaanza, ombi rasmi la kazi, dira ya usanifu, hati ya kazi iliyokubaliwa, misingi ya data ya taasisi, muundo wa shughuli uliotoka Awamu B, michoro ya zamani na kadhalika. Nimepitia kimoja kimoja. Ombi la kazi ni voisi ya WhatsApp ya dakika 4. Dira hamna. Misingi ya data nilipouliza nikapewa masharti ya chama. Muundo wa shughuli haujawahi kuchorwa na mtu. Michoro ya zamani hamna, aliyefunga ile programu ya uhasibu ameshaondoka na hakuacha maelezo yoyote, ukifungua databesi unakuta majedwali yanaitwa TRX2 na MBR_OLD, kolamu zinaitwa F1 mpaka F14. Na AMCOS 4 hawajaleta chochote mpaka leo, nikipiga simu naambiwa karani yuko shamba.

Sasahivi watu wako kwenye kupulizia mikorosho, wakimaliza haichukui muda mzigo unaanza kukusanywa, Oktoba minada ishaanza, na mwenyekiti anataka mchoro mezani kabla gunia la kwanza halijaingia ghalani. Nikikisia ntachora kitu kizuri cha uongo. Nikisubiri, msimu unaanza na zile zile orodha za kukopi na kupesti, na msimu uliopita kuna wazee walikaa wiki nzima wanafuatilia hela zilizoenda akaunti isiyo yao, mmoja nilimkuta mwenyewe pale kwenye benchi ofisini ana stakabadhi yake kaikunja kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Hilo ndo linaniuma kuliko mchoro wenyewe.

Nyie mnafanyaje mkikuta hivi?

---

Mzee wa Shangani

Mdogo wangu pole, ila kwanza punguza hofu. Ile orodha ya vitu vya kuanzia sio geti la forodha kwamba bila karatasi hupiti. TOGAF yenyewe inakuruhusu uikate iendane na taasisi uliyonayo, na awamu zake unazizunguka unarudi, sio ngazi kwamba ukipanda hushuki. Na nikukumbushe kitu ambacho wengi wanakiruka wakisoma, kule kwenye Awamu B pana sehemu inazungumzia hali kama yako kabisa, taasisi haina maelezo yoyote ya usanifu. Inakubali kwamba mchoro wa huko tunakokwenda kwa kawaida unachorwa kutoka juu kushuka, ila mchoro wa hali iliyopo mara nyingi inabidi uanzie chini kupanda juu. Msanifu anaandika makisio yake ya kufanyia kazi, alafu anakusanya ushahidi wa kuyageuza yawe ukweli, na anaacha pale anapoona kuendelea kuchimba hakulipi tena. Kwa hiyo kukisia sio dhambi, dhambi ni kukisia kimya kimya.

Mimi nafanya hivi. Kila kitu kinachokosekana nakiuliza swali moja, hiki kikipatikana kesho kikawa tofauti na nilivyofikiria, ni kipi kwenye mchoro kitavunjika? Kama jibu ni hakuna, nakiacha nasonga. Voisi ya dakika 4 kwa mfano, iandike kwenye karatasi moja, mrudishie mwenyekiti asaini, umeshapata ombi la kazi, usipoteze siku ya pili kwa hilo. Kama jibu ni kinavunjika kipande, nachora ila kile kipande nakiweka mistari ya vidoti na namba, alafu nafungua daftari la makisio. Kwenye daftari kila namba ina mstari wake, nimekisia nini, nimekitoa wapi, nani anaweza kunikatalia, mpaka lini, na kipande gani kitaanguka nikiwa nimekosea. Hiyo ya nani anaweza kunikatalia ndo muhimu kuliko zote na ndo watu wanaiacha wazi. Makisio yasiyo na mtu wa kuyakataa yanakaa humo miaka mitano yanageuka kuwa ukweli wa ofisi.

Alafu kuna vile ambavyo vikiwa tofauti mchoro wote unakufa. Hapo usichore. Kwa kazi yako naona kimoja kwa haraka haraka, mkulima ni nani. Je mkulima mmoja anaruhusiwa kuuza kwenye AMCOS mbili? Ana shamba huku na lingine upande wa pili, yule ni mtu mmoja mwenye namba mbili au watu wawili? Na shamba la familia, baba amefariki, anauza mtoto kwa jina la baba? Ukikisia hapo ukakosea, kila kitu kilichoshikwa na namba ya mkulima kinaharibika, mzigo, pembejeo, makato, malipo, vyote. Hilo kawaulize watu leo, usisubiri kikao.

---

Dada Nachingwea

Mzee wa Shangani shikamoo, nakubaliana na wewe kwa mengi ila kuna sehemu unampeleka mbio. Unamwambia aangalie vinavyokosekana, mimi nnavyoona hatari kubwa ni vile vinavyoonekana vipo kumbe havipo.

Ntatoa mfano wa kitu nilichokishika kwa mkono. Mwaka juzi nilikuwa nasaidia AMCOS kadhaa za upande wetu kuunganisha orodha za wakulima. Nikaletewa Excel safi kabisa, jina, kijiji, simu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kila kisanduku kimejaa, nikafurahi nikasema kumbe hapa kazi ni nyepesi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Nikaanza kulinganisha na fomu za karatasi, moja, mbili, tatu, hazilingani mwishoni. Nikashuka na ile kolamu kwa kidole kwenye skrini, namba karibu zote zinaishia 00000. Karibu zote. Excel inashika tarakimu 15 tu kwenye namba, zilizobaki inaweka sifuri, karani alikuwa anaandika bila vistari kwa hiyo programu ikaichukua kama hesabu badala ya maandishi. Wale wachache walioandikiwa na vistari ndo walipona. Na ukishasevu hairudi, zile tano za mwisho zimepotea mpaka ukamtafute mkulima mwenyewe na kitambulisho chake. Tulizunguka na pikipiki vijijini wiki tatu.

Sasa fikiria kaka ungeichora ile orodha kwenye usanifu wako kama chanzo cha utambulisho wa mkulima kwa sababu imejaa. Imejaa ndio, ila tarehe ile ile, kijiji kile kile, mwisho sifuri, watu wawili waliozaliwa siku moja kijiji kimoja wanaweza kuwa mtu mmoja. Na huku kwetu wa tarehe 1 mwezi wa 7 ni wengi sana, maana wazee wengi hawakumbuki siku wanawekewa tu hiyo.

Kwa hiyo kabla ya daftari la makisio fungua faili lenyewe uliangalie kwa macho. Na la pili, tofautisha sifuri na tupu kwenye mchoro wenyewe, usiache mpaka programa aamue. Kilo 0 kwenye leja ya mkulima inaweza kuwa hakuleta mzigo, inaweza kuwa kaleta ila karani hakujaza, inaweza kuwa ukurasa ulilowa hausomeki, inaweza kuwa mzigo upo njiani haujapimwa ghalani. Hivyo ni vitu vinne na kila kimoja kina mtu tofauti wa kwenda kumuuliza. Kwenye databesi wastani unaruka kisanduku kitupu ila sifuri unaihesabu, kwa hiyo ukijaza sifuri ili jedwali lipendeze umeshashusha wastani wa kijiji kizima. Na kinyume chake, ukiuliza nipe mizigo yote ambayo sio daraja la pili, ile ambayo daraja halijajazwa haitokei kabisa, mzigo uko ghalani kwenye ripoti haupo. Mimi sasahivi kila taarifa ya muhimu naiwekea jirani yake kisanduku cha sababu ya kukosekana. Bado, haihusiki, imepotea, mhusika kakataa. Maneno manne yanatosha.

---

Haki_Mkulima

Mimi naona mnamsaidia kuwabeba watu ambao hawajafanya kazi yao. Ningekuwa mimi ningegoma. Chama hakina dira, hakina misingi ya data, hakijui nani mwenye data, alafu mchoraji akae akisie? Mchoro ukikosea lawama ni zake, ukiwa sahihi sifa ni za bodi ya chama.

Na kuna vitu hata ukiandika kwenye daftari la makisio mara kumi bado huruhusiwi kukisia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na Tume yake ipo. Mtu anayechukuliwa taarifa zake anatakiwa aelezwe zinachukuliwa kwa ajili gani, na anayekusanya na kuchakata anatakiwa ajisajili kwa Tume. Sasa wewe unachora mshale kutoka orodha ya wakulima, una NIDA, simu, akaunti ya benki, ukubwa wa shamba, mshale unaenda kwa wauza pembejeo, mwingine benki, mwingine kwa nani sijui. Nani kakuambia mkulima amekubali simu yake iende kwa muuza salfa, ile dawa ya mikorosho? Lengo la kukusanya ni taarifa ya kuanzia ambayo ikikosekana unasimama. Hapo hamna vidoti.

---

Mzee wa Shangani

Haki_Mkulima kwenye la sheria umesema kweli na naliongeza kwenye lile fungu langu la tatu, la vitu usivyochora mpaka ujue. Nashukuru kwa hilo, mimi nilikuwa nafikiria namba ya mkulima tu.

Ila kugoma sikubali. Akigoma dira haitashuka yenyewe. Watu wengi hawajui wanataka nini mpaka waone mchoro mbovu mbele yao, ndo wanasema hapana hapa sio hivi. Mchoro wenye mashimo ndo unaotoa taarifa zinazokosekana, nimeliona hili mara nyingi, unaweka karatasi mezani ina kisanduku kimeandikwa "nani anabadilisha namba ya akaunti ya mkulima?" na alama ya kuuliza kubwa, watu watatu wanajibu kwa pamoja majibu matatu tofauti. Hicho kikao kingekuwa na ajenda ya "kuandaa misingi ya data" wangekunywa chai wakaondoka.

---

Mchora_Mifumo (Mtwara mjini)

Aisee nashukuruni sana wote. Dada Nachingwea baada ya kusoma ulichoandika nilienda moja kwa moja kufungua orodha zangu, kati ya faili 11 za Excel nilizonazo, 3 zina huo ugonjwa wa sifuri tano mwishoni. Na moja wapo ndo niliyokuwa nataka kuifanya orodha mama. Nimekaa kimya kama dakika kumi hivi.

La sheria nimemwandikia mwanasheria wa chama, nimesimamisha mishale yote inayotoka nje ya chama mpaka anijibu.

Sasa naomba msaada kwenye ile databesi ya F1 mpaka F14. Mhasibu anasema yeye anabonyeza tu kwenye skrini ripoti inatoka, hajui ndani kuna nini. Bila kujua zile kolamu siwezi kuchora hali iliyopo ya malipo. Kuna mtu ameshapita hapo?

---

Fundi Databesi Masasi

Kaka nimepita hapo sio mara moja. Kwanza usiguse seva inayofanya kazi, omba bakapu, irudishe kwenye mashine yako, fanyia vurugu huko. Na ile bakapu ina akaunti za watu kwa hiyo usiiache kwenye flashi inazunguka mjini.

Alafu kila kolamu ihoji kabla hujaipa jina, ina mistari mingapi, mitupu mingapi, thamani tofauti ngapi, ndogo kabisa ipi, kubwa kabisa ipi, inayojirudia zaidi ipi. Hayo tu yanakuambia mengi. Kolamu yenye thamani mbili tu ni daraja au ndio/hapana. Yenye tarehe 01/01/1900 nyingi ni tarehe ambayo mtu hakujaza programu ikaweka ya kwake, hiyo ni tupu iliyovaa nguo. Yenye thamani tofauti kama idadi ya AMCOS zako, hiyo ni AMCOS.

Ukimaliza hapo nenda na karatasi. Hii ndo yenyewe. Chukua stakabadhi 20 za msimu uliopita ambazo unajua mwanzo mpaka mwisho wake, tafuta kila namba ya kwenye karatasi iko kolamu gani. Usichukue zilizonyooka tu, chukua na yenye mgogoro, na iliyosahihishwa, na moja ya ufuta, na moja ya mbaazi maana mara nyingi programu ilitengenezwa kwa korosho alafu mazao mengine yakachomekwa humo humo.

Ukipata jina la kolamu liandike pamoja na ushahidi wake, "F6 ni kilo za AMCOS, imethibitika kwa stakabadhi 20 kati ya 20". Ukipata 17 kati ya 20 usiandike ni kilo za AMCOS, zile 3 ndo zina habari.

---

Mchora_Mifumo (Mtwara mjini)

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa, nilikuwa Tandahimba siku nne na mtandao ulikuwa wa kuomba.

Nimefanya alichosema Fundi Databesi Masasi. Nilikaa na karani wa AMCOS moja, mama mmoja makini sana, ana leja zake za misimu sita kazifunga kwa kamba, hakuna ukurasa uliochanika. Tukaanza na stakabadhi ya mkulima aliyeleta gunia 12, leja yake inasema kilo 960. Kwenye TRX2 nikaiona 960 iko F6. F7 pameandikwa 8. Nikamuuliza 8 ni nini, akacheka, akasema hiyo ni unyaufu, mzigo ulipofika ghala kuu ulipimwa 952. Tukafanya nyingine na nyingine, F6 kutoa F7 inakuja kilo za ghala kila mara. Kumbe kilo za ghalani zenyewe hazijaandikwa popote kwenye ile programu, zinapatikana kwa kutoa tu.

Zilikuwa 20, zikalingana 18. Zile mbili F7 ni tupu, sio sifuri. Yule mama akaangalia tarehe akasema hizi ni zile zilizoenda ghala siku mizani ilipoharibika, zilipimwa baadaye na karatasi ikaja peke yake. Kwa maana hiyo hazijawahi kuingizwa. Programu ikachukua kilo zote za F6 kama zilivyo ikalipa, wakati kuna mzigo mwingine kwenye kundi lile lile la mnada ulikatwa unyaufu wake halali. Hesabu za lile kundi hazikufunga, na nikakumbuka mhasibu aliwahi kunilalamikia kuna hela ya msimu uliopita hawajui ilikoenda. Siwezi kusema ndo yote hiyo, ila sehemu yake nimeiona kwa macho yangu kwenye kisanduku kitupu.

Kitu cha pili nilichofanya, kwa kuwa muundo wa shughuli hamna, nilichukua karatasi kubwa la manila nikachora jedwali, pembeni shughuli nilizoziona kwa macho, kupokea, kupima, kusafirisha, kupima tena ghalani, kuingiza katalogi, mnada, kukata makato, kulipa, juu nikaweka data, mkulima, akaunti yake, mzigo, stakabadhi, bei, makato, malipo. Kila makutano nikaandika nani anaanzisha hiyo data, nani anasoma, nani anabadilisha, nani anafuta. Kwenye mstari wa akaunti ya mkulima hakuna aliyeandikwa kuanzisha. Hakuna kabisa. Wanaobadilisha ni watatu, karani, mtu wa malipo chama kikuu, na yule anayetengeneza faili la benki. Mzee wa Shangani ulivyosema majibu matatu tofauti ndo ilivyotokea, nililibandika lile karatasi kwenye ukuta wa ukumbi mwenyekiti akalisoma kimya alafu akauliza, kwa hiyo mzee akija kubadilisha akaunti anaenda kwa nani? Wakaanza kujibu wote.

Kikao kile kilitoa vitu viwili. Akaunti ya mkulima itaanzishwa na kubadilishwa AMCOS tu, mkulima akiwepo na kitambulisho chake, kwingine kote ni kusoma. Na nikapata dira, mwenyekiti aliisema mwenyewe kwa mdomo nikaiandika pale pale akasaini, mkulima alipwe kwa kilo zilizopimwa ghalani, na aone kila kato lililotolewa kwake kabla hela haijaingia. Sentensi moja tu. Ila kwa sentensi hiyo nimefuta makisio 5 kwenye daftari langu siku moja, kwa sababu sasa najua kilo za ghala lazima ziwe na kisanduku chao wenyewe na sababu yake ya kukosekana, na haziwezi kuwa za kutoa tena.

Mchoro nimeukabidhi una makisio 9 ya vidoti, kila moja ina jina la mtu na tarehe. La mkulima mwenye AMCOS mbili halijajibiwa, bodi wamelipeleka kwa wanachama, kwa hiyo hapo pameachwa peupe, nimeandika hapajaamuliwa. AMCOS 2 kati ya zile 4 wameleta leja.

---

Dada Nachingwea

Hongera sana kaka. Swali moja, zile faili 3 za NIDA umezifanyaje?

---

Mchora_Mifumo (Mtwara mjini)

Dada nimezitoa kwenye mchoro kama chanzo. Kwa wale wote namba ya NIDA nimeiweka tupu, sababu "imepotea", sijaacha ile yenye sifuri hata moja. Makarani wamekubali wakati wa kugawa pembejeo kila mkulima anayekuja achukuliwe namba upya, kwa maandishi na vistari vyake. Jumatatu naanza na vijiji vya upande wa Nanyamba, yule mama wa Tandahimba kaniambia nibebe na leja yake moja nikawaonyeshe wenzake inavyojazwa.